Mpunga Uliochelewa Kuchanua

Mama Suke alipepeta, mapepe yakaruka na upepo. Ungoni zikabaki punje chache, kama meno ya kikongwe.

"Ndiyo mavuno hayo?" mumewe aliuliza.

"Ndiyo hayo, baba watoto."

Mpunga wenyewe ulikuwa mrefu, wa kuringia. Majirani walisema ndege wakitaka kutua juu yake huazima ngazi. Lakini ulipochanua, maji ya mfereji yalikuwa yamekatika. Huu ulikuwa msimu wa pili mambo kuwa hivyo. Wiki ile ya mavuno kitindamimba wao, msichana wa miaka saba, alipelekwa kwa shangazi yake, mbali, akale huko. Mtoto hakulia. Aliyelia ni mama, jikoni, akisingizia moshi. Jiko lilikuwa baridi.

Bibi shamba, afisa wa kilimo, alipopita shambani, aliminya suke moja lililosalia. Tupu.

"Mbegu unapata wapi, dada?"

"Yangu mwenyewe. Kila mwaka nachagua masuke manene kuliko yote. Ndiyo maana wakaniita Mama Suke."

"Na hayo manene hukomaa lini?"

Akafikiri. "Mwishoni. Huwa tunayangoja."

"Hapo ndipo ulipojikwaa. Mpunga unaochelewa kuchanua hupata muda wa kunenepa. Na kuchelewa huko ni urithi. Kumo ndani ya mbegu, kama pua ya baba inavyomfuata mtoto. Kinachobeba urithi huo wataalamu hukiita kinasaba. Umechagua wachelewaji mwaka hadi mwaka, sasa shamba zima ni lao. Maji hayamngoji mtu."

Mama Suke akaketi kwenye tuta.

"Kwa hiyo mwanangu nimemfukuza kwa mikono yangu?"

"Hukujua."

"Njaa haikuuliza kama najua."

Msimu uliofuata, bibi shamba alimletea mbegu inayochanua mapema. Masuke yakatoka mafupi. Mumewe akacheka kwa uchungu.

"Haya ya kulisha siafu?"

"Bora siafu ashibe kuliko tembo alale njaa," mkewe akajibu.

Akafunga uzi kwenye mashina yaliyotangulia kuchanua. Yalipokomaa, akachagua mbegu humo tu: kwanza yaliyowahi, kisha manene kati ya yaliyowahi. Na mfereji ulipokauka, punje zilikuwa zimeshajaa. Magunia yakasimama ukutani.

Mtoto akarudishwa. Alikuwa amerefuka, amekonda, na aliomba ruhusa ya kuketi nyumbani kwao.

Mama akampakulia wali, sahani tele. "Kula, mama."

Akala nusu. Nusu akaifunga kwenye pindo la gauni.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kesho."

"Hata kesho wali upo, mwanangu. Tazama magunia yale."

Mtoto akayatazama moja moja, kwa heshima, kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Kisha akalikaza fundo.