Kisanduku cha Taisto

Kila asubuhi Risten alipanda gari la babu yake, Áslat, kwenda shuleni Inari, kijiji cha kaskazini ya mbali. Theluji ilijaa kando ya barabara, na kulungu wa kufugwa walipenda kusimama katikati wakilamba chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu.

Siku hizo Risten hakuwatazama kulungu. Alikitazama kisanduku cheusi kilichofungwa karibu na usukani. Kilikuwa kimefungwa na Taisto, dereva wa lori la magogo aliyehamia kutoka kusini. Kila walipokuta kulungu, babu alibonyeza kitufe na taa nyekundu ikawaka.

"Babu, unamwamini Taisto?"

"Kwani kafanya nini?"

"Umesahau? Siku ya kwanza tu alikuuliza una kulungu wangapi!"

Babu akacheka. Kwao wafugaji wa kulungu, kumuuliza mtu idadi ya kulungu wake ni sawa na kumpekua mifukoni. Siku ile alimjibu Taisto kama wazee wote wanavyojibu: "Wako pande zote mbili za mti."

"Hiki kinayaonya magari mengine yenye visanduku kama hiki," babu alisema. "Yanasemezana yenyewe kwa redio."

"Ndivyo anavyosema yeye!"

Risten aliwaza: aliyenyimwa jibu mlangoni, si atapitia dirishani, awahesabu kulungu kwa kisanduku? Babu aliposhuka kutia mafuta, Risten aliuchomoa waya wa kisanduku, akauficha chini ya zulia. Alijiona mlinzi wa mali ya ukoo.

Walipopita kona ya ziwa, theluji ilikuwa ikivuma. Ghafla, kulungu barabara nzima! Babu akafunga breki, akabonyeza kitufe. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena.

"Mbona hakifanyi kazi? Saa hizi Taisto huwa nyuma yetu na magogo. Asipojua tumesimama hapa, atatuponda sote."

Risten akainama kuupapasa waya chini ya zulia. "Babu, nimeuchomoa waya! Nilidhani anawahesabu kulungu wetu!"

"Urudishe! Haraka!"

Risten akajaribu kuuchomeka. Waya ulikosa tundu, kisha ukaingia. Taa ikawaka. Babu akabonyeza, akamshika mkono, wakakimbilia kando ya barabara.

Lori lilitokea ndani ya theluji polepole, likasimama nyuma ya gari lao. Taisto akaruka chini.

"Mzee, mko salama? Kisanduku changu kimepiga kelele, kulungu mbele! Nikapunguza mwendo palepale."

"Kimekwambia wangapi?" Risten aliropoka.

"Hicho hakijui kuhesabu, binti. Na mimi siulizi tena. Babu yako alinijibu, nikautafuta huo mti majira yote ya baridi!"

Risten alitazama chini kwa aibu, kisha akamweleza Taisto yote, akamwomba radhi. Taisto alilitazama lori lake, akashusha pumzi.

"Mjukuu wangu," babu alisema, "kushuku si kosa. Hata mimi nilimshuku. Lakini ukishuku, uliza kwanza, maana waya uliouchomoa ulikuwa umeshika roho zetu."

Kisha akamgeukia Taisto. "Haya, njoo utusaidie kuwaswaga kulungu hawa. Leo wako pande zote mbili za barabara."