Jina la Suryod

Wino ulikataa kukauka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kipindi cha hari, upepo wa jangwani unakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Narsidan, msoma nasaba wa jumba la Kesarkot, alikuwa ameketi ukumbini na kitabu kikubwa cha koo mapajani. Alikuwa ameandika jina la mtoto mchanga, na mbele yake nusu tu ya jina la ukoo, Suryod. Herufi zikabaki mbichi. Akazipuliza. Akainama kuzinusa, akarudisha kichwa nyuma haraka: zilinuka damu.

"Bibi," Narsidan alimnong'oneza Sugan, mama wa mtoto, "hebu mguse miguu."

Sugan akapenyeza mkono ndani ya nguo. Miguu ya mwanawe ilikuwa baridi kama maji ya mtungini.

Sasa niwaambie jambo ambalo Kesarkot nzima inalijua na hakuna anayethubutu kulitamka. Familia ya jumba lile si Suryod. Ni Kagda, walinzi wa mlango. Suryod walikuwa wafalme wenyewe, na wa mwisho wao alikuwa mtoto wa miaka saba aliyejifungia ngomeni siku Kagda wa kwanza alipoasi. Hakukubali kutoka mpaka mshairi wa jumba, Isardan, alipomdhamini kwa kiapo, maana kwa watu hawa dhamana ya mshairi haivunji hata mfalme. Mtoto akatoka ameshika kidole cha mshairi. Kagda akamchinja palepale. Kisha, bila haya, akakalia kiti chake na kujitwalia jina lake! Isardan akafanya wafanyavyo washairi waliovunjiwa dhamana: akajichoma jambia mlangoni, akaapa kwamba yeyote atakayeandikwa kwa jina lile, mzimu wake utakuja kumchukua siku ya tatu. Mlango wakauziba kwa mawe. Ati mzimu unazuiwa na mawe!

"Ndivyo alivyokufa mwanangu wa kwanza?" aliuliza Sugan.

"Marehemu baba yangu ndiye aliyemwandika. Macho yake yalikuwa yamekwisha, Bibi, hakuona hili." Narsidan akafunua ukurasa wa nyuma. "Tazama. Mahali pa baba mkwe wako ni patupu. Pa mumeo, patupu. Wenyewe hawakuandikwa kamwe."

Sugan alipatazama pale patupu kwa muda mrefu. Kumbe! Bwana mkubwa Guman Singh, baba mkwe wake, aliyekuwa akiwacheka watu barazani kwamba hizo ni hadithi za wajakazi, alikuwa haamini mzimu pale tu kilipowekwa kichwa cha mjukuu. Kwa kichwa chake mwenyewe aliamini sana.

"Lifute basi!"

"Kitabu kikishafunguliwa, sina ruhusa ya kufuta bila wakuu wa koo. Wanakuja kesho adhuhuri. Bila mrithi kitabuni hawatamkalisha bwana mkubwa pamoja na wafalme wenzake, nawe unajua anavyokitaka kiti kile." Narsidan akatupa jicho mlangoni, akashusha sauti zaidi. "Ila huyo Isardan huchukua mmoja mmoja. Na huanza na mkubwa."

Sugan alimfunika mtoto, akamkumbatia, akalia kwa hasira mpaka shela likalowa.

Kesho yake wakuu walikaa uani, vilemba vya kila rangi, na Narsidan akaanza kuwaita mababu mmoja mmoja kwa sauti ya kuimba. Alipofika kwa Kagda wa kwanza sauti ikamkauka, na katika ule ukimya zikasikika, kutoka upande wa mlango uliozibwa, nyayo tupu zilizolowa, chapa, chapa, zikija polepole juu ya mawe yaliyokuwa yakiwaka jua, na harufu ya damu ikatangulia mbele yake, ikapita katikati ya wageni walioanza kuziba pua na kuvuta miguu yao ndani ya nguo, ikapanda ngazi, ikaja mpaka alipoketi Sugan, na mtoto mikononi mwake akaacha kulia, akafumbua macho, akamtazama mtu ambaye hakuna mwingine aliyemwona.

"Malizia kuandika!" alifoka Guman Singh. "Mnaogopa nini? Panya hao!"

Sugan akasimama. Akafunua shela mbele ya baba mkwe wake na wakuu wote, jambo ambalo hakuna mkwe aliyewahi kulifanya katika ua ule.

"Baba, andika lako kwanza. Mjukuu atakaaje kitabuni bila babu?"

"Funika uso, mwanamke!"

Mkuu mmoja mwenye masharubu meupe akaangua kicheko. "Mkweo kasema kweli, Guman. Au panya wamekutisha?"

Wengine nao wakacheka. Ilikuwa imekwisha. Mtu wa namna ile heri afe kuliko achekwe uani kwake. Alinyakua kalamu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa: Guman Singh Suryod.

Nyayo zikageuka. Zikaenda zikasimama nyuma ya kiti chake.

"Na huyu mtoto?" Narsidan aliuliza.

"Kata hilo jina. Andika Kagda," Sugan alisema. "Mtoto wa walinzi wa mlango."

Wakuu waliokuwa wakitaka kuondoka haraka wakaitikia kwa vichwa. Narsidan akakata, akaandika. Wino ukakauka papo hapo, na miguu ya mtoto ikapata joto.

Asubuhi ya siku ya tatu tangu aandike jina lake, Guman Singh alitambaa kwa magoti mpaka chumbani kwa mkwewe, mwili baridi mpaka kifuani, na nyuma yake chapa, chapa. Kitabu, alichoachiwa na Narsidan, kilikuwa mapajani mwa Sugan. Juu yake alikuwa amemlaza mtoto, ananyonya.

"Mwanangu," alinong'ona, meno yakigongana. "Nipe kitabu. Nitakata. Nitaandika Kagda, wakuu watanielewa. Nakuomba, mama yangu, nakuomba!"

Sugan akambadilisha mtoto titi.

"Mwanangu wa kwanza, Baba, alikuwa hajajua kuomba."