Springi ya Hobart

Delmer Stiltner, fundi bunduki wa jirani yetu huku milimani Kentucky, alikuwa anakula maharage na mkate wa mahindi karakanani kwake, adhuhuri ya jua zuri tu, pale shemeji yake Arveta alipoingia bila hodi. Tangu wamzike Hobart, kaka yake Delmer na mume wa Arveta, wawili hawa walikuwa wakisalimiana kwa kukohoa.

Akatupa mezani bastola ya marehemu, ile ya risasi ndogo za kuulia nyoka kwenye banda la kuku.

"Ilegeze. Kifyatulio kigumu kama roho yako."

"Hobart alitaka hivyo?"

"Hobart kafa. Au huwezi, fundi wa mdomo?"

Hapo akampata. Mwambie Delmer hawezi, atakwenda kumnyoa dubu.

Akafungua mpini. Ndani, springi nene isiyo ya kiwandani, imeviringishiwa karatasi yenye mwandiko wa kaka yake: *Nimeikaza ili siku nikimwendea Delmer, kidole kichoke kabla ya hasira. Isilegezwe.*

"Ulijua?"

"Miaka kumi tangu umsogezee uzio ndani ya shamba lake, shemeji. Alikufa akiutazama dirishani." Arveta akatabasamu. "Sasa naona fundi anaogopa springi."

Mimi ningetoka mbio, tumbo langu lingenifuata baadaye. Delmer akaona haya. Akatia springi laini.

Bastola ya namna ile haijaribiwi tupu, nyundo itagonga chuma na kukiharibu. Akajaza maganda sita ya risasi zilizokwisha kulipuka, kama mafundi wote wafanyavyo. Akavuta. *Ta.* Laini kama siagi. Akavuta mara tano, kisha akaiweka mezani.

Akaondoa mkono.

Kifyatulio kikarudi nyuma. Polepole. Chenyewe. Nyundo ikainuka. Mdomo wa bastola ukageuka, ukamtafuta.

"Kaka," akanong'ona. "Uzio nitaurudisha."

Ikalipuka.

Moshi ulipotulia, ncha ya sikio lake haikuwepo. Arveta alishaondoka. Ukutani hapakuwa na tundu, wala risasi haikuonekana.

Siku hiyohiyo, damu ikimtiririka shingoni, Delmer aling'oa nguzo zote za uzio akazirudisha zilikokuwa zamani. Springi nene nayo akairudisha. Sikio lilipona.

Maganda yale sita bado anayo, kwenye kopo la kahawa. Aliwahi kunimiminia kiganjani. Matano ni baridi.

La sita, mpaka leo, linaunguza.