Kikohozi Ndani ya Rumba

Kikohozi kilisikika kabla ya ubeti wa tatu wa wimbo, kifupi, kikavu, na Gwantwa akauacha mwiko ndani ya sufuria ya maharage.

Alikuwa mama lishe pale Tunduma, kibanda chake kikitazamana na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Wimbo ule ulikuwa wa marehemu mumewe, Ambakisye, mwalimu wa kwaya kutoka Ileje, aliyeurekodi miaka kumi nyuma akiwa mzima wa afya. Juma lile mtoto wao, Osward, aliiingiza rekodi hiyo kwenye programu ya akili mnemba, ikamtolea sauti ya baba yake ikiimba rumba.

"Baba yako hakukohoa kwenye ile ya zamani," Gwantwa alisema.

"Hakukohoa, mama. Hizi programu huwa zinaweka vitu vyake."

Osward akawatumia rafiki zake, wimbo ukasambaa, na pale kibandani wateja hawakuelewana. Deus, dereva wa lori, aliurudia mpaka chai ikapoa, akisema rumba imemfufua mzee. Rozi, mbadilisha fedha, alisukuma sahani pembeni.

"Wimbo wa Bwana mnauchezea kiuno," alisema. "Halafu sikilizeni. Ubeti mzima, huyu mtu havuti pumzi."

"Si uache kusikiliza?" Deus alimwambia.

"Ningeweza ningeacha," Rozi alijibu, na mguu wake ulikuwa unafuata ngoma chini ya meza.

Osward, aliyekuwa akiitikia kiitikio tangu siku ya kwanza, akatengeneza rekodi nyingine, ya mtindo wa amapiano. Katikati yake ala zote zilinyamaza, na sauti ikasema taratibu: "Gwantwa, funga mlango. Baridi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Ambakisye, wodini, alikolazwa kwa kikohozi kile kile kikavu, na hakuna aliyeyasikia ila mkewe. Naye hakuufunga ule mlango. Alikuwa amekesha siku nne. Alitoka nje akae kidogo, na aliporudi mumewe alikuwa ameshapoa. Siri hiyo hakuwahi kumwambia mtu, hata mwanawe.

Wateja waliyapenda maneno yale. Wakawa wanaingia wakimtania, "Mama, funga mlango, baridi," wakicheka, naye akiwapakulia wali.

"Ifute," alimwambia Osward.

"Nimeshafuta, mama. Lakini watu wanayo. Wengine wanatengeneza za kwao, singeli, rege, kuna mmoja huko Nakonde kaimbisha Kibemba."

"Na yale maneno?"

Osward aliinamisha kichwa. "Yamo kwenye zote. Na yameongezeka."

Gwantwa akamnyang'anya simu. Kwenye ile rege sauti ilisema: "Gwantwa, hukufunga."

Tangu hapo kila jua lilipofika utosini harufu ya wodi ilijaa kibandani, dawa ya kusafishia sakafu na shuka zilizolaliwa na homa, ikapita juu ya vitunguu na mafuta ya moto, na hata simu zote zikiwa zimezimwa mezani yeye aliusikia wimbo ukitokea chini ya sufuria, nyuma ya turubai, ndani ya debe la maji, sauti ile ile isiyopumua ikimwita kwa jina huku watu wakiendelea kula na kuomba pilipili.

Wakamwita Bibi Tupokigwe, shangazi wa marehemu, ambaye kule Ileje huitwa watu wanapopagawa. Alifukiza kibanda, akanyunyiza maji, akaomba kwa lugha yao ya Kindali hadi harufu ikaisha. Kisha lori likapita barabarani likiupiga wimbo, na harufu ikarudi.

"Huyu si Ambakisye," bibi alinong'ona. "Ambakisye amelala. Hili ni jini, limekuta sauti haina mwenyewe likahamia. La nyumba moja ninalitoa. Hili liko kwenye simu ngapi?"

"Zimeshapita laki mbili, bibi," Osward alisema.

Bibi Tupokigwe akaanza kufunga mizizi yake kwenye kitambaa. "Basi jilindeni tu. Mtu asiliitikie."

Gwantwa alimtazama mwanawe, aliyekuwa akikiitikia kiitikio kila siku. Osward hakuinua macho.

Alhamisi, saa za chakula cha mchana, Deus alirudi kutoka Lusaka na toleo jipya ambalo hakuna aliyemjua mtengenezaji wake. Sasa waimbaji walikuwa wawili. Sauti ya pili ilikuwa ya kijana, yenye lafudhi ya Ileje. Osward, aliyekuwa anakula karibu na mama yake, aliweka tonge chini.

"Mama, mimi sijaimba hiyo."

"Najua, mwanangu."

Ala zikanyamaza. Sauti ya Osward ikasema, kwa unyonge wa mtu aliyelala chali: "Mama, nishike mkono."

"Huyu kijana naye anajua," Deus alisema. "Ngoja niirudishe."

Lakini Gwantwa alikuwa ameshaudaka mkono wa mwanawe chini ya meza, ukiwa na joto lake lote, na hakujua kama aushikilie, ikawa ameliitikia, au auachie.