Watu Arobaini Wenye Macho Mazima

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kukata kitambaa bila kupima mara mbili. Asubuhi ile alikata bila kupima hata mara moja, na mkono wa blauzi ukatoka mfupi.

"Mama, hiyo ya nani, ya mtoto mchanga?" binti yake alimtania.

Mama hakucheka. Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na miwili. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ufundi wake wa kudarizi. Miezi miwili sasa alikuwa akijikwaa giza likianza kuingia. Leo kizingiti, kesho ndoo. Na bibi yake mzaa baba alianza hivyohivyo, akaishia kupofuka.

Walikuwa wamekwenda kliniki ya macho. Daktari alimulika ndani ya macho, hakuona kasoro. Hata hivyo alisema, "Kwa kuwa kuna upofu katika ukoo, tupime na umeme wa retina. Retina ni utando ulio nyuma ya jicho. Mwanga ukiufikia, unatoa umeme kidogo sana. Tukiupima tunajua kama utando unafanya kazi."

Mashine ilitoa karatasi. Chini yake yalichapwa maneno matatu: chini ya kawaida.

Tangu siku hiyo Mama alikuwa halali. Usiku alimsikiliza Sindano akipumua, kana kwamba pumzi nazo zingeweza kumwambia kitu kuhusu macho.

Siku ya kurudi kliniki, aliyewapokea alikuwa mpimaji, mwanamke mpole anayeiendesha mashine ile.

"Mama, usianze kumlilia binti," alisema. "Mashine hii ni mpya. Mstari unaotenganisha kawaida na pungufu umekuja nayo kutoka kiwandani. Waliopimwa huko ni watu wengine, kwa taa nyingine, kwa uzi mwingine."

"Uzi?"

Mpimaji alimwonyesha uzi mwembamba kama unywele. Huo ndio unaolazwa kwenye ukingo wa kope ya chini ili uchukue umeme wa jicho.

"Wewe ni fundi," aliendelea. "Ukimkatia mteja nguo kwa saizi za kitabuni, bila kumpima, inakuwaje?"

"Itambana kwapani. Kiunoni itapwaya."

"Sasa, mteja ndiye mwenye kasoro?"

Mama alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. "Kwa hiyo mwanangu ni mzima?"

"Sijui bado. Nikisema mzima nitakuwa nakudanganya, na nikisema mgonjwa pia. Tunatafuta watu arobaini wenye macho mazima, wa miaka ishirini hadi thelathini na tisa, maana umeme wa jicho hubadilika na umri. Wote tunawapima kwa njia moja. Dawa ileile ya kupanua mboni, dakika ishirini gizani, taa ileile. Kisha tunapanga matokeo, la chini hadi la juu. Tunaacha machache ya kila mwisho. Yanayobaki katikati ndiyo kawaida yetu. Tumebakiza watu watatu tu."

Mama alirudi nyumbani na wazo lililomng'ang'ania kama kupe. Akiingia mmoja mwenye macho mabovu kati ya arobaini, mstari utashuka, na Sindano atapita.

Jioni alimwendea mdogo wake, fundi bomba wa miaka thelathini. Tangu mwaka jana, fundi bomba huyo alikuwa hatoki nje giza likishaingia.

"Mdogo wangu, nenda ukapimwe. Ukiulizwa kama unaona vizuri jioni, sema unaona."

"Dada, juzi nimelisalimia lile sanamu lako la kuvalishia nguo. Nikasema, mama huyu anaringa, haitikii."

"Sema unaona. Kwa ajili ya mpwa wako."

Fundi bomba alijikuna kisogo. Damu ni nzito kuliko maji. Akakubali.

Kesho yake alisoma herufi zote za ukutani, akajibu maswali kama alivyofundishwa, akatiwa dawa ya macho. Mpimaji akamkalisha katika chumba cha giza. Mama aliomba akae naye. Ndani kulikuwa na taa nyekundu hafifu, na saa ikihesabu dakika ishirini.

Mama hakuweza kutulia. "Mpimaji, kwani mtu mmoja ana uzito gani kati ya arobaini?"

"Mkubwa. Tukimwingiza mgonjwa mmoja tukamwita mzima, anauvuta mstari chini. Siku moja atakuja binti wa mtu, macho yake yameanza kuharibika. Karatasi itamwambia, huna neno, rudi nyumbani. Nami nitaiamini karatasi yangu."

Binti wa mtu. Mama alimwona huyo binti, na alikuwa na uso wa Sindano.

"Mfute huyu," alisema. "Jioni haoni. Mimi ndiye niliyemwambia aseme uongo."

Kisha fundi bomba akasema polepole, "Na lile sanamu ni shahidi wangu."

Mpimaji hakugomba. "Ahsante, mama. Kaka, nakutoa kwenye orodha ya wazima. Lakini kipimo utafanya, kisha utamwona daktari kama mgonjwa."

Nafasi yake ilichukuliwa na jirani, muuza mkaa, ambaye aliulizwa maswali yote na kujibu kweli.

Umeme wa macho ya fundi bomba ulionekana mdogo mno. Daktari alimpima na damu. Tangu apasuliwe utumbo miaka michache nyuma, mwili wake ulikuwa haufyonzi vitamini A ya kutosha, na macho yaliihitaji ili yaone gizani. Akapewa dawa. Baada ya majuma machache alianza kutoka tena jioni.

Siku ya jibu la Sindano, Mama alifika kliniki kabla mlango haujafunguliwa. Mpimaji aliweka karatasi mezani. Sasa ilikuwa na mistari miwili mipya, wa chini na wa juu, iliyotokana na watu arobaini. Nukta ya matokeo ya Sindano ilikuwa katikati ya mistari hiyo, si karibu na ukingo.

"Retina yako inafanya kazi vizuri," daktari alimwambia Sindano. "Unachohitaji ni miwani ya kuonea mbali. Vitu vya mbali huvioni sawasawa, na mwanga ukipungua tatizo hilo huzidi. Na kwa sababu ya bibi yako, uje tena mwakani."

Mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Mpimaji, na kama ningenyamaza siku ile?"

"Pengine nukta ingekuwa palepale. Ila wewe usingeiamini."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alitaka kushukuru, machozi yakamwahi. Walipotoka, Sindano alitangulia ngazini, akageuka.

"Shika ukuta, mama. Leo wewe ndiye huoni."