Kipimo Kilisema Dawa Imekwisha

Mama Bwawa alifuga samaki nyuma ya nyumba, kwenye bwawa dogo la saruji. Samaki mkubwa kuliko wote aliitwa Bibi, maana ndiye aliyewazaa wengine. Wafugaji walikuja kununua vifaranga wa Bibi, na nyumba ikala.

Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha dawa. Watu walimtania kwa kumwita Taa. Yeye ndiye aliyesimamia tangi la maji machafu, yenye mabaki ya antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Alitia unga mweupe ndani ya tangi, kisha akawasha taa kali. Mwanga ukiupiga unga ule, dawa huvunjika. Kipimo kikionyesha dawa imekwisha, alizima taa papo hapo. Aliogopa isije ikaungua, maana kupata nyingine ilikuwa kazi kwelikweli.

Kiangazi kikaja, kisima cha nyumbani kikakauka.

"Usijitie presha, mama," Taa alimwambia mkewe. "Maji ya tangini yanang'aa. Dawa haimo hata chembe. Nitakuletea."

"Una hakika, baba?"

"Nimepima mwenyewe!"

Akaleta madumu. Mama Bwawa akayamimina yote bwawani, akabakiza vifaranga wachache tu kwenye beseni la maji ya zamani.

Asubuhi vifaranga wa bwawani walikuwa wakielea, matumbo juu. Bibi alikuwa amelala ubavu, akihema. Adhuhuri naye akafa. Mama Bwawa alimpakata, akalia kwa sauti.

"Umeniletea sumu," alimwambia mumewe.

Jirani yao, dada anayepima maji katika maabara, alisikia kilio akaja. Alichukua maji kidogo ya bwawa, akaenda nayo kazini. Aliporudi, hakuwa na utani wake wa kawaida.

"Shemeji, kipimo chako hakikudanganya. Dawa haimo."

"Sasa samaki wameuawa na nini?"

"Na vipande vyake. Chupa nzima haikukati. Ukiivunja, chupa haipo tena, lakini vigae vipo. Mwanga huivunja dawa hatua kwa hatua. Ukizima mapema, unaacha vipande, na vingine vinaweza kuwa na sumu kali kuliko dawa yenyewe. Kipimo chako kinaijua dawa nzima tu."

Mama Bwawa akainua uso. "Kwani maji hayo ya kiwandani huenda wapi?"

"Mtoni," Taa alijibu kwa sauti ndogo.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Kila mmoja alikuwa akifikiria wanaochota maji ya mto kule chini.

"Tufanyeje, dada?" Taa aliuliza.

"Dawa ikiisha, acha taa iendelee kuwaka. Kisha uchuje unga, na upitishe maji kwenye mkaa wa kusafishia. Mwisho uyajaribu kwa viumbe hai. Wakifa, maji hayatoki. Na hata wakiishi, maji hayo si ya kunywa wala ya kuleta nyumbani."

Taa alipompelekea habari, mkuu wa kiwanda alicheka mwanzoni. "Umekuwa daktari wa samaki siku hizi?" Lakini alipoona majibu ya maabara, kicheko kikamkauka. Akakubali.

Mama Bwawa aligawa vifaranga wa beseni. Wengine akawatia kwenye mtungi wa glasi, akampa mumewe.

"Hawa ni wa Bibi," alisema. "Ukizima taa mapema, utakuwa umewaua kwa mkono wako."

Wa kwanza kutiwa kwenye maji ya tangi walikufa. Taa akaacha mwanga uwake zaidi, akabadilisha mkaa, akajaribu tena. Safari hii waliishi, na maji yakaruhusiwa kwenda mtoni.

Mvua ziliporudi, kisima kilijaa. Bwawa sasa lina samaki tena, ingawa hakuna aliyefikia ukubwa wa Bibi. Taa akirudi kutoka kazini, mkewe humuuliza kwanza, "Wako hai?"

"Wako hai."

Zamani alipochelewa kurudi, mkewe alinuna. Siku hizi akichelewa, Mama Bwawa hufunika chakula na kungoja. Anajua taa bado inawaka.