Fundo la Kikwembe

Jumapili saa sita, jua limesimama katikati ya anga la Bunia, nyumba ya Kasereka mtaani Shari ilianza kunuka kafuri, ile wanayowawekea maiti. Kasereka, motari wa pikipiki nyekundu na mdomo mrefu kuliko barabara ya Irumu, akasema ni panya amefia darini.

Mkewe Dorothée alisimama mlangoni amefunga kiunoni kikwembe kipya, kitenge alichotoka nacho kanisani.

"Kasereka, fundo inakataa kufunguka. Na minasikia baridi."

"Baridi na jua hii? Sema tu unataka nikununulie na koti!"

Dorothée hakucheka. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Basi, aibu yenyewe ni hii. Siku nne nyuma, abiria aliyemwita kwa programu ya simu alisahau mfuko kwenye pikipiki. Programu hiyo ina mahali pa kuandikiana, makusudi ili kitu kilichosahauliwa kirudi kwa mwenyewe salama. Abiria, Jemima, akaandika: "Papa motari, umeona mufuko yangu?"

Kasereka akajibu mbiombio: "Mama, sikuona kikwembe yoyote."

Nani alimuuliza kikwembe? Jemima hakuandika tena. Jioni ile Kasereka akampa mkewe zawadi, kifua mbele: "Nimekununulia!"

Sasa akakimbilia kwa Rachidi, jirani anayesomea watu wenye majini. Rachidi alinusa mlangoni tu, akashusha sauti.

"Hii ni kikwembe ya kuvalisha maiti. Jini imeketi ndani. Na inakula uwongo, weye ndiye unailisha."

"Nifanye nini, muzee?"

"Pale ulidanganyia, pale pale useme kweli."

Kasereka akashika simu. "Mama Jemima, leo nimeokota mufuko kwa njia..." Hata hajatuma, fundo likajikaza lenyewe, likalia kama kamba ya ng'ombe. Dorothée akaguna. Kasereka akafuta, akajaribu tena: "Abiria mwingine ndiye alikuwa ameubeba..." na hapo bati likaanza kulia juu yao kama mtu mzito anatembea polepole akitafuta mahali pa kushukia, na harufu ikawajaa kooni hadi Rachidi akaziba pua kwa kofia yake, na kiuno cha Dorothée kikazidi kubanwa, kikazidi, mpaka pumzi yake ikawa inatoka nyembamba kama ya mtoto mgonjwa.

"Kasereka," alinong'ona, "uko unaficha nini?"

Akafuta tena, akaandika: "Niliona mufuko siku ile ile. Nilikudanganya. Kikwembe nilimupa muke yangu, naye nikamudanganya kama nimenunua." Akatuma.

Dorothée alisoma kila neno. Hakumtukana, angemtukana ingekuwa nafuu. Fundo likalegea, kikwembe kikaanguka sakafuni kwa kishindo, kama kimelowa.

Jemima akajibu: wakutane mbele ya parokia, penye watu. Wakaenda. Dorothée alipanda nyuma amefunga kikwembe chake cha zamani, na njia nzima hakumshika mumewe kiuno.

"Mama tulimuzika jana na shuka ya kuazima," Jemima alisema, akipokea. Wanakwaya waliokuwa pale wakasogea karibu. Akafunua mfuko, akatazama ndani. "Papa, vikwembe vilikuwa viwili. Ya pili iko wapi?"

Kasereka, mzungumzaji wa Shari nzima, akalamba midomo. "Labda... labda ilianguka kwa njia."

Nyuma yake, kafuri. Akageuka. Fundo la kikwembe cha zamani cha Dorothée lilikuwa linajikaza, taratibu, bila mkono wa mtu. Dorothée akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi kizee, ya upole, imechoka.

"Andika, mwanangu. Siye tunangoja."

Kasereka akatoa simu. Mbele ya kwaya nzima, mkewe akisoma juu ya bega lake, akaanza kuandika herufi moja moja jina la mwanamke aliyempa kikwembe cha pili kwa siri: Plamedie.